Wa Mwisho Darasani

Mguu kwenye cherehani, kidole gumba kwenye simu. Fundi alishona pindo la sketi huku akijibu saba mara nane. Pointi kumi zaidi kwa bintiye.

Ilianza kama utani. Mwalimu alileta mchezo wa hesabu kwenye simu, watoto wajifunze wakicheza, hata wakiwa nyumbani. Kila mmoja akajichagulia jina la mnyama. Bintiye, Swala, akawa wa thelathini na tisa kati ya arobaini, na mwalimu akatangaza kwamba Ijumaa wa mwisho atashushwa darasa. Jamani, mama gani angekaa akitazama?

"Mama, leo tumekuwa wa ngapi?" mtoto aliuliza aliporudi kula mchana.

"Wa kumi na moja. Kula."

"Na Konokono?"

"Wa mwisho, kama kawaida."

Mtoto akasukuma sahani. "Tunakaa dawati moja. Leo amelia mpaka akashikwa na kwikwi."

Fundi akarudisha tonge sahanini. Kumbe alikuwa anamkanyaga mtoto wa mwenzake ili wake apite! Aliona aibu kama mwizi, na tangu hapo hakushona pindo likanyooka.

Ijumaa asubuhi hakufungua duka. Liwalo na liwe: bora Swala ashuke kwa haki kuliko Konokono kwa dhuluma.

Nje ya ofisi ya mwalimu alikuta foleni ya wazazi imezunguka mpaka uwanjani. Nesi, dereva wa lori, muuza vitabu. Salamu zilikuwa za mkato na kila mtu alitazama viatu vyake. Labda ni siku ya kuandikisha wanafunzi, aliwaza, akashika mkia.

Zamu yake ilipofika, hata kiti hakukigusa.

"Mwalimu, nisamehe. Anayecheza ni mimi, si mwanangu. Mshushe yeye, Konokono abaki."

Mwalimu alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu.

"Umechelewa, Mama Swala. Baba yake Konokono kamtoa shule jana. Kasema mtoto hana kichwa, bora akajifunze kazi."

"Basi mfuate! Mwambie nimekiri!"

"Mmekiri wote. Wewe ni mzazi wa thelathini na tisa asubuhi hii." Mwalimu akalifunga daftari la mahudhurio. "Darasa zima, Konokono peke yake ndiye aliyekuwa akicheza mwenyewe."