Rambirambi za Shangazi

Gervasi alimuua shangazi yake Jumanne asubuhi, mbele ya wabeba mizigo wenzake wote wa ufukwe wa Kibirizi, kikombe cha chai kikiwa mkononi.

"Shangazi yangu wa Kidahwe amefariki," alisema, na sauti ikamkatika yenyewe kwa aibu. Wenzake wakadhani ni uchungu.

Siku hizo mbalamwezi ilikuwa kali, dagaa hawafuati taa za wavuvi, mitumbwi ya dagaa imelala ufukweni, na pasipo dagaa hakuna mzigo wa kubeba. Gervasi alikuwa amepiga hesabu mpaka kichwa kikamuuma: unga, mkaa, kodi. Akiziba huku, kule kunavuja. Mwenye nyumba wake wa Kasingirima alikuwa ameapa kuung'oa mlango ikifika Ijumaa, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na mke na kichanga. Pesa pekee iliyobaki ilikuwa ya chama chao cha kuzikana, na hiyo haitoki mpaka mtu afe.

Basi akafa shangazi Elida, akiwa hai huko kwake.

Tena huyu ndiye aliyemlea. Jumapili tu alikuwa amempigia simu, anaomba chochote aupeleke mguu wake hospitali.

"Shangazi, huku hali ni mbaya. Sina hata mia."

Shangazi akaguna. "Haya, mwanangu. Basi na mimi nitajua la kufanya."

Rambirambi zikatoka siku hiyohiyo, kodi ikalipwa. Ila kila mtu aliyempa Gervasi pole alikuwa kama anamzaba kibao.

Alhamisi mwenyekiti wao, mzee Marselino, akamshika bega.

"Hatuwezi kukuacha uomboleze peke yako. Jumamosi tunakuja Kidahwe wote. Gari limeshapatikana."

Gervasi akalowa jasho. Chama kilikuwa na sheria moja isiyo na huruma: anayezusha msiba anafukuzwa, na siku akifiwa kweli azike mwenyewe. Akampigia shangazi amweleze kila kitu, amwombe radhi hata kama atatukanwa. Simu imezimwa. Akapiga tena jioni, imezimwa. Ijumaa kutwa nzima, imezimwa. Bibi yule hakuwa mtu wa kuzima simu.

Akaanza kujiuliza. Je, kama maneno yake yamemfikia mama wa watu? Je, kama kile kinywa chake kibaya kimemwitia kifo cha kweli?

Jumamosi alfajiri alikopa nauli, akapanda bodaboda mpaka Kidahwe ili awatangulie wenzake. Miaka mitatu alikuwa hajatia mguu kule, kila mara akisingizia nauli, na hilo nalo lilimchoma njia nzima.

Uwanjani kwa shangazi kulikuwa na turubai. Wanawake walikaa mikekani, kanga vichwani, na pembeni sufuria kubwa la maharage lilikuwa linatokota. Mtu alikuwa anaimba pambio kwa sauti ya chini.

Amemuua kweli. Mwanamke aliyemlea kwa jembe, amemuua kwa ajili ya kodi ya chumba kimoja, na mguu wake ule haujaona hata daktari. Gervasi akaanguka mkekani, akalia kama mtoto.

"Shangazi! Jamani, shangazi!"

Mama mmoja asiyemjua akamshika mabega, akamkalisha.

"Jikaze, baba. Shangazi yake ndiyo kwanza kanyamaza huko ndani, usimwanzishe upya. Alikuwa na huyo mtoto wa kaka yake mmoja tu, Gervasi wake. Kazama ziwani Jumatatu, na mwili mpaka leo haujaonekana."