Kidole Kilichopinda

Kwenye filamu ya katuni, mama alikuwa akimsuka bintiye nywele, na ukumbi mzima ulikuwa ukifuta machozi.

"Jamani, mwanangu kanichora mimi!" mama yake mchoraji aliwanong'oneza mashoga zake, safu nzima aliyoialika mwenyewe.

Mchoraji, aliyeketi kando yake, alikuwa akikitazama kidole cha mwisho cha ule mkono unaosuka. Kilikuwa kimepinda kwa ndani. Wenzake kazini walikinyoosha mara mbili wakidhani ni kosa, naye akakipinda upya, picha moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia.

Mama naye akakiona. Akaacha kufuta machozi.

"Hicho kidole..."

"Unakikumbuka, mama?"

Angekisahau vipi? Kilikuwa cha dada wa kazi aliyemlea mchoraji miaka tisa, kisha akatimuliwa mbele ya majirani kama mwizi wa pete. Pete yenyewe ilikuja kuonekana ndani ya mkoba wa mama. Samahani haijamtoka mama mdomoni hadi leo.

"Umenidhalilisha," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Bado."

Taa zikawaka. Mshereheshaji akamwomba mama aliyechorwa asimame, apigiwe makofi. Mashoga wakaanza kumsukuma mama kwa viwiko. "Simama, mwenzetu, usione haya!" Akainuka nusu, mtandio ukimteleza begani.

"Kaa, mama," mchoraji alisema, safu nzima ikasikia. "Mwenyewe yuko nyuma yako."