Mwavuli wa Manjano

"Simu."

Mshona mapazia alinyoosha kiganja mbele ya lango la kasri. Mumewe, fundi saa, akamkabidhi simu kama mtu anayetoa figo.

"Siku moja tu," alisema mkewe akiitumbukiza mkobani. "Mji huu dunia nzima inaumezea mate, na wewe tangu juzi unautazama kupitia kidole gumba. Leo utauona kwa macho. Huongei, hunitazami mimi, unatazama mji. Ukishindwa, tukirudi nashukia kwa kaka yangu. Jumla."

"Sasa mke wangu, nikipotea?"

"Utapoteaje, mtu mzima? Fuata mwavuli."

Mwavuli wenyewe ulikuwa wa manjano, wa kuonekana hata na kipofu. Kofia ya mumewe ilikuwa ya buluu, zawadi ya hoteli. Wakapitia msalani kwanza, yeye kwa wanawake, mumewe kwa wanaume. Alipotoka akauinua mwavuli juu, akaona kwa pembe ya jicho kofia ya buluu ikimsogelea.

"Haya, twende. Kimya."

Ajabu ya siku hiyo! Ngazi mia tatu za mnara mwanamume alizipanda bila kulalamikia goti. Kumbe simu ndiyo iliyokuwa ikimuumiza goti!

"Gusa ukuta huu," aliamuru mshona mapazia bila kugeuka. "Umesimama karne tano bila kuchajiwa."

Nyuma yake mkono ukagusa ukuta kwa adabu.

Darajani mtu akaanza kupiga mluzi na kuita kwa mbali, sauti ikimezwa na kengele za mnara. Kofia ya buluu ikageuka nusu.

"Usigeuke! Matapeli hao. Ukigeuka tu, umeuziwa sanamu."

Wakakaza mwendo. Yule wa mluzi naye akakaza. Wakakata kona mbili nyuma ya soko, wakamwacha kwenye mataa.

Jua lilipoinama walikuwa kwenye benchi, mbele ya chemchemi, maji yakiruka na kuanguka. Mshona mapazia hakubandua macho majini. Tangu wachumbiane, hawajawahi kukaa kimya kitamu namna hii. Ya kushukia kwa kaka yake akayafuta. Mkono wake ukapapasa, ukakuta mkono, ukaushika. Ule mkono ukashtuka kidogo, kama wa bwana harusi.

"Umefaulu," alisema. "Sasa ruksa. Sema chochote."

"Nashukuru sana, dada," sauti nene asiyoijua ikajibu. "Nimeongozwa na waongozaji wa watalii wengi, ila mwenye msimamo kama wako sijapata kuona. Swali langu moja tu: yule bwana mwenye kofia kama yangu, aliyetukimbiza darajani huku akimlilia mkewe, hatukupaswa kumsubiri?"