Joho Lenye Milango

Hapo kale, wakubwa walipovaa mahameli na wadogo wakavaa magunia, Nungunungu hakuwa na nguo nzima hata moja. Kila aliyoivaa, miiba yake iliitoboa.

"Nguo yako ina milango mingi kuliko nyumba yangu!" Mbega alimcheka, akilipeperusha joho lake.

Siku ya karamu ya Simba, Nungunungu alikuwa akipitisha sinia la nyama. Akateleza, akamvaa mfalme ubavuni, na joho la kifalme likatoboka kama chekeche. Simba akatoa makucha.

"Mtukufu," alisema Nungunungu, akitetemeka mpaka miiba ikagongana, "mahameli kila tajiri anayo. Bila matundu haya, nani angejua kwamba bitana yako ni hariri?"

Simba akajitazama. Hariri nyekundu ilichungulia kwenye kila tundu. Akaanza kutembea ukumbini kwa maringo, asibaki mtu ambaye hajaiona.

Asubuhi yake Mbega alibisha hodi kwa Nungunungu, joho jipya mkononi, macho chini.

"Ndugu yangu, na mimi nisaidie."

Nungunungu akampa mgongo, akasimamisha miiba.

"Milango mingapi, bwana?"