Pete ya Fundi Saa

Kombo, fundi saa, aliagiza pete kwa Mwanakheri, mfinyanzi wa mapambo, bila kumtaja mwenye kidole. "Pima chako tu, mnalingana," alisema, akaenda zake. Tangu hapo mashoga hawakubanduka kwa Mwanakheri.

"Shoga, huyo anakuzunguka tu, pete ni yako," alisema Zamda, huku akiviringisha shanga za udongo wa rangi.

"Labda ni ya dada yake."

"Dada! Nani kakwambia dada huvishwa pete?"

Mwanakheri alitamani iwe yake, ila hakuthubutu kusema. Pete aliifinyanga kwa udongo wenye unga wa fedha, ambao husinyaa motoni, kwa hiyo alikuwa ameifanya kubwa kidogo. Ilipotoka kwenye tanuri ikapoa, aliisugua kwa brashi mpaka ikang'aa, akaona aijaribu mara moja tu. Iliingia kwa shida. Kutoka, ikagoma.

"Sabuni!" alipiga kelele Zamda. "Kombo huyoo, anavuka barabara!"

Mwanakheri alitumbukiza mkono kwenye ndoo, akasugua, akavuta, wapi! Kombo akapiga hodi, akaingia.

"Vipi, imeiva?"

Mwanakheri aliutoa mkono kwenye ndoo taratibu, akamnyooshea, pete ikiwa bado kidoleni, povu likidondoka sakafuni.