Ukurasa wa Mwisho wa Albamu

Tausi, mwigizaji wa jukwaani, aliketi kwenye kiti cha kupigiwa picha, albamu mapajani. Ilijaa picha za kale zilizobandikwa kwenye kadi ngumu: waimbaji, wachezaji, waigizaji, wote wamekakamaa shingo.

"Wako wapi siku hizi, mzee?"

"Wameshatangulia," alijibu Mzee Zubeiri, mpiga picha, akisogeza nyuma ya kiti kile chuma cha kushikilia kichwa cha mtu asitikisike. "Picha siiingizi humu mpaka mwenyewe aage dunia. Walio hai hawatulii, binti yangu."

Tausi alicheka, ila kicheko kilimkauka alipofika ukurasa wa mwisho. Nafasi ya picha ilikuwa tupu, na chini yake jina lake lilikwishaandikwa kwa wino wa dhahabu.

Alitaka kuinuka. Mzee alikuwa ameshakaza skrubu, na chuma kimemkaba kisogo, baridi kama barafu.

"Tulia. Kamera hii ni ya zamani, ukitikisika sura inafutika."

Jukwaani alikuwa akifa kila wiki, kisha akiinuka kupigiwa makofi. "Naomba maji kwanza, mzee," alisema, na sauti ikamtoka ndogo kama ya mtoto.

"Baada ya picha."

Mzee akaenda mbele, akainama nyuma ya kamera, akajifunika kitambaa cheusi. Tausi alikikodolea macho kitambaa kile bila kupepesa. Kikabonyea polepole, kikalala juu ya kamera kana kwamba chini yake hapakuwa na mtu.

Nyuma ya shingo yake, skrubu ikazunguka tena.