Bei ya Zawadi

Kalamu ya kaunta ilifungwa kwa uzi mfupi, hivyo muuguzi aliandika ameinama kama anayechungulia kisima. Alikuwa ametoka zamu asubuhi, na tangu hapo amezungushwa kama pia.

"Hujajaza thamani ya shamba," karani wa kodi alisema.

"Liko kwetu, nje ya nchi hii. Nimekwambia shangazi yangu alinipa bure."

"Wewe ulipewa bure. Shamba lenyewe lina bei."

Foleni ikaguna nyuma yake. Akapiga simu.

"Shikamoo shangazi. Lile shamba ulilonipa, wanataka bei yake."

"Marahaba. Kwani unauza?"

"Siuzi. Watu wa kodi wa huku wanataka kujua tu."

"Kupewa umepewa, na bei nayo unaitaka? Hayo masomo yamekuharibu."

"Shangazi, nisipoandika napigwa faini. Kisia tu, nakuomba."

Muuguzi aliuzungusha uzi wa kalamu kidoleni mpaka ncha ya kidole ikavimba.

"Mwanangu, bei za siku hizi mimi sizijui," shangazi alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Ngoja nimuulize yule niliyemuuzia."